Usiulize Mdomo, Uliza Mguu

Karagwe, 11 Februari 2024

Kwako Mama Ngoga,

Salamu nyingi zikufikie huko Gisenyi. Sisi huku Karagwe tu wazima, migomba imepata mvua ya kutosha, na mimi nimebaki na sikio moja tu linalosikia. Ndiyo maana nakuandikia ujumbe kwenye simu badala ya kukupigia. Nikipiga simu nasikia mluzi. Natumaini wewe, mwanao Ngoga na mwanangu Dative hamjambo.

Sitazunguka. Dative ameniambia kwamba kila Jumatano na Jumapili unamkalisha kitini, wewe unakaa chini kwenye kigoda, unaipakata miguu yake na kumsugua nyayo kwa dole gumba. Mama mkwe chini, mke wa mtoto juu! Nilimfundisha mwanangu adabu, na sikumfundisha kumnyooshea miguu mama wa mume wake. Anatamani ardhi immeze, lakini hawezi kukukatalia.

Halafu liko kubwa zaidi. Unajua kwamba mimba mbili zimeshatoka, ya kwanza ya miezi mitatu, ya pili ya mitano kasoro. Nimekuwa mkunga miaka thelathini na moja, na sijaona mtoto aliyeshikiliwa tumboni kwa kumsugua mama yake kisigino. Hii ni ya tatu. Ikitoka na hii, sijui kama mwanangu atasimama tena. Naomba uache.

Mimi,
Mama Dative

*

Gisenyi, 13 Februari 2024

Mama Dative,

Salamu zako nimezipokea, asante. Sisi wazima, ziwa limetulia na samaki wa sambaza wamejaa sokoni. Pole kwa sikio.

Bon, sawa. Wewe huzunguki, mimi pia sizunguki. Siku ya mahari, miaka mitatu iliyopita, mbele ya wajomba wote, uliuliza kama ni kweli mama wa bwana harusi anashika miguu ya wazungu hotelini. Watu walicheka. Nilinyamaza kwa sababu ilikuwa siku ya mwanangu. Leo nakujibu: ni kweli. Nilianza kwa kuwakanda wavuvi kwenye maji moto ya Nyamyumba, nikaenda Kigali miezi sita kusomea tiba ya nyayo, wenyewe waliiita refleksolojia, na cheti kiko ukutani. Miguu ya watu ndiyo iliyomsomesha Ngoga.

Nani amekuambia nashikilia mimba? Mwalimu wetu alituambia siku ya kwanza: hii si dawa ya mimba, haichukui nafasi ya kliniki, inatembea kando yake. Miezi mitatu ya mwanzo sikumgusa Dative hata kidole. Na mpaka leo sigusi kuzunguka kifundo cha mguu, ndani wala nje, kwa sababu kwa mwenye mimba tulikatazwa. Nasugua unyayo na vidole, taratibu, kwa mafuta kidogo. Unajua kwa nini? Mtoto wako halali. Tangu ile ya pili itoke, anaamka kila saa kujishika tumbo aone kama lipo. Siku ya kwanza niliyomsugua alisinzia kitini, Ngoga akambeba mpaka kitandani. Hiyo ndiyo kazi yangu kwake, alale.

Kuhusu kigoda: ndiyo, nakaa chini. Mguu uko chini, mama. Ulitaka niusugue wapi, darini?

Mama Ngoga

*

Karagwe, 3 Machi 2024

Mama Ngoga,

Habari za siku nyingi, na za Ngoga? Mimi mzima, mifupa tu inanikumbusha umri.

Nimekaa na jibu lako wiki mbili na ushei. Nililisoma kwa hasira, nikalisoma tena, na hapo pa darini nikacheka peke yangu jikoni. Kucheka kumenikera zaidi ya hasira.

Dative ameniandikia kwamba sasa analala mpaka jogoo awike. Mimi mwenyewe sijalala hivyo tangu nistaafu, kwa hiyo najua thamani yake. Basi endelea, lakini kwa masharti. Kliniki asikose hata siku moja, na kadi uipige picha unitumie. Ukiona damu, maji au homa, ondoa mikono yako na aende hospitali saa hiyohiyo. Na mafuta usimpake mengi, asije akateleza akishuka kitini.

Aibu bado naiona. Mguu wa mwanangu mapajani mwa mkwe wake!

Mama Dative

*

Gisenyi, 28 Aprili 2024

Mama Dative,

Habari za Jumapili? Huku tumetoka kanisani salama. Nakutumia picha ya kadi. Wiki ya thelathini na moja, mama! Hatujawahi kufika huku. Presha ilikuwa nzuri, mtoto anakua, kliniki nyingine ni tarehe 20 Mei. Jirani yao kule Rugerero, mzee Rwema, ameanza kumwita Dative "mama" kabla ya wakati, nami simkatazi.

Sasa kaa vizuri nikupe habari ya kazi yangu. Wiki hii kichwa kimemsumbua. Alhamisi nilimkuta amejifunga kitenge kichwani kwa nguvu. Nikamsugua ncha za vidole gumba vya miguu, maana tulifundishwa kwamba ndiko kichwa kiliko. Nikamuuliza, "Na sasa, kichwa iko aje?" Akaniambia, "Kimeisha, mama. Mikono yako ina baraka." Ijumaa kikarudi, nikasugua, kikaisha. Jana vilevile. Donc, basi, wewe mkunga wa miaka thelathini na moja, andika kwenye daftari lako: mimi, Mukashyaka, nimefukuza kichwa mara tatu kwa dole gumba, bila kidonge hata kimoja.

Tena amenawiri, miguu imenenepa mpaka anavaa kandambili za Ngoga. Leo alasiri nakwenda kumsugua tena. Umeshaanza kuniamini, au bado?

Mama Ngoga

*

Karagwe, 28 Aprili 2024, saa saba mchana

Mama Ngoga, salamu baadaye.

Kichwa kilichoisha mara tatu hakijaisha hata mara moja. Nisikilize. Dative husema amepona hata akiwa na homa. Alipokuwa na miaka tisa alivunjika mkono, jirani akamuuliza kama unauma, akajibu, "Hauumi, shikamoo." Nilimlea hivyo mwenyewe: mtoto hasumbui wakubwa. Sasa wewe, mama mkwe wake, umekaa chini kwenye kigoda unahangaika na nyayo zake. Ataanzaje kukuambia kwamba hujamsaidia? Atakusifu mpaka aanguke.

Usiulize mdomo, uliza mguu. Nenda sasa hivi. Bonyeza mbele ya muundi, pale penye mfupa, kwa dole gumba hilohilo, hesabu polepole mpaka kumi, uachie. Tazama kama shimo linabaki. Tazama kama kope zake zimevimba, tazama kama pete ya ndoa inatoka kidoleni. Kisha macho. Usimuulize kama anaona vizuri, atasema ndiyo. Muulize hivi: nyota unazoziona zina rangi gani?

Akikutajia rangi, usisugue. Mpelekeni kituo cha afya leo hii wapime presha na mkojo. Hiyo tarehe 20 Mei isahau. Nimewazika kina mama wawili kwa kifafa cha mimba, na wote wawili walikuwa na adabu nzuri sana. Mpaka leo naamka kwa ajili yao.

Nijibu.

Mama Dative

*

Karagwe, 29 Aprili 2024

Mama Ngoga, umefika kwa Dative? Yeye simu yake haipatikani. Ngoga ameniandikia maneno manne: "Tuko salama mama, usijali." Ananiogopa, najua, mkwe humwogopa mama mkwe. Lakini sijawahi kuona familia yenye salama nyingi namna hii.

*

Karagwe, 30 Aprili 2024

Mama Ngoga, niambie lolote, hata likiwa baya. Ndoo nimeijaza maji mara tatu leo na sijui nilitaka kufua nini.

*

Gisenyi, 1 Mei 2024

Bamwana,

Yuko hai. Mtoto yuko hai. Nimeanza na hilo, salamu zinifuate nyuma.

Ujumbe wako ulinikuta navaa viatu. Nikachukua pikipiki mpaka Rugerero. Dative alikuwa anamenya viazi nje, anacheka na mke wa Rwema. Nikamwambia, "Dative, kaa." Akakaa, akanyoosha mguu kwa heshima kama kawaida. Nikabonyeza, nikahesabu mpaka kumi, nikatoa dole. Shimo likabaki. Ningeweza kuweka haragwe ndani yake na lisingeanguka. Mama, miguu hiyo nimeishika wiki nzima. Nilikuandikia kwamba amenawiri. Mimi, mwenye cheti ukutani!

Nikamuuliza, "Nyota unaona, iko rangi gani?" Akajibu bila kufikiri: "Nyeupe, mama, na nyingine kama fedha." Kisha akaziba mdomo kwa mkono wenye maganda ya viazi.

"Tangu siku gani?"

"Tangu Jumanne."

"Na kichwa?"

Akainamisha uso. "Hakijawahi kuisha, mama. Lakini ulikuwa umenisugua vizuri sana, ningekuambiaje?"

Nilimfokea, na sijawahi kumfokea. Rwema alikuwa amepakia karoti kwenye pikapu yake tayari kwenda sokoni. Karoti zikamwagwa uani, Dative akapandishwa mbele, mimi nyuma. Kwenye kituo cha afya nesi alipima mara ya kwanza, akabadilisha mkono, akapima tena: mia na sabini juu ya mia na kumi na tano. Akauliza, "Nani ameona hii maneno? Mwenyewe anasema iko muzuri!" Nikamwambia, "Mama yake ameona. Iko Karagwe." Yule nesi aliniangalia, akaona huu ni wazimu, lakini ambulansi aliita.

Simu yangu ilibaki kwenye beseni la viazi, nayo ya Dative ilizimika. Ngoga nilimwambia akuandikie ukweli, akaandika alichoandika. Nimemfokea na yeye.

Wamemchoma sindano, wamempa dawa ya presha, wamempa na ya kukomaza mapafu ya mtoto. Leo presha imeshuka. Daktari amesema tungengoja siku mbili tatu zaidi, angeanza degedege. Atabaki hapa wodini mpaka mtoto apate nguvu ya kutoka. Nikamwambia daktari kazi yangu, nikamuuliza kama naruhusiwa kumsugua nyayo. Akasema si sasa, presha itulie kwanza. Nikauliza kama naweza kushika tu, bila kusugua. Akacheka, akasema kushika hakuna kipimo. Donc nimekaa hapa mwisho wa kitanda, nimezishika.

Wewe ukiwa Karagwe uliuona mguu ambao mimi niliukamata kwa mikono miwili. Nisamehe.

Bamwana wako,
Mukashyaka

*

Karagwe, 2 Mei 2024

Bamwana wangu,

Kwanza nimelia, kisha nimekula. Tangu Jumapili sikuwa nimekula kitu cha kutajwa.

Umeniita bamwana. Ndivyo wazazi wa mume na wazazi wa mke wanavyoitana kwetu na kwenu, lakini miaka mitatu hukuniita, nami sikukuita, na sote tulijua sababu. Sababu ni mdomo wangu. Siku ya mahari niliona mavazi yenu mazuri, nikaona mwanangu anaondoka, nikatafuta neno la kuwapunguza. Lilikuwa neno la kijinga na nimelibeba tangu siku hiyo. Naomba radhi.

Na wewe usiniombe msamaha. Ulidanganywa kwa heshima, na heshima hiyo niliipika mimi jikoni kwangu, kwa fimbo na kwa methali. Dole lililobonyeza lilikuwa lako. Kama usingezoea kukaa kwenye kile kigoda nilichokitukana, nani angempata mtoto huyu amenyoosha mguu mchana kweupe? Mimi siko. Ngoga anaona kandambili zake tu.

Nimemwandikia Dative agizo kutoka kwa mama yake: kila siku alalamike mara tatu, kwa sauti, na wewe uhesabu. Asipotimiza, niambie.

Zisugue nyayo zile mara tu daktari atakaporuhusu. Mimi, Kayitesi, ndiye ninayesema.

Bamwana wako

*

Gisenyi, 24 Mei 2024

Bamwana, piga vigelegele!

Msichana! Kilo mbili kasoro kidogo, na sauti ya muuza sambaza. Alizaliwa jana saa tano asubuhi. Mama yake mzima, presha inashuka, ameshakunywa uji wa mtama na kudai mwingine.

Sikiliza ilivyokuwa. Wiki ya kwanza kulalamika kulimshinda. Alikuwa ananiambia, "Mama, samahani, naomba kulalamika kidogo." Nikamwambia, "Bila samahani!" Wiki ya pili akaanza kuiva: mto mgumu, chakula hakina chumvi, Ngoga anakohoa kwa makelele. Daktari akaniruhusu kumsugua, dakika kumi asubuhi, dakika kumi jioni, baada ya nesi kupima presha na siyo kabla. Akawa analala vizuri, na mgonjwa wa kitanda cha pili, Belise, akaanza kunyoosha miguu yake upande wangu bila kusema kitu. Unaonaje? Nikamwambia Belise angoje nesi ampime kwanza.

Jana asubuhi nimefika, nimekaa, nimeshika mguu. Dative akauvuta. Akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti ambayo wodi nzima ilisikia: "Mama, acha. Kichwa kinapasuka, na hapa chini ya mbavu panauma vibaya. Sijisikii vizuri hata kidogo. Niitie daktari, sasa hivi!"

Kayitesi, nilikimbia nalia kwa furaha, na manesi wakadhani nimechanganyikiwa. Yule yule wa "hauumi, shikamoo"! Presha ilikuwa imepanda tena. Wakasema mtoto ametosha, hatungoji. Wakampeleka kupasuliwa, na kabla sijamaliza rozari nikasikia kilio.

Sasa mtoto yuko kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kafungwa kitenge. Ngoga anazunguka anaonyesha watu picha ya unyayo. Ni mdogo kuliko dole langu gumba, nimepima. Jina sijamruhusu mtu yeyote kulitaja. Linakungoja.

Bamwana wako mwenye miguu mizito kwa kucheza,
Mukashyaka

*

Karagwe, 25 Mei 2024

Bamwana,

Nimepiga yowe mpaka majirani wakaja mbio wakidhani ni msiba. Nimewaonyesha picha ya unyayo, tumeimba. Nakuja. Navukia mpakani Rusumo wiki ijayo nikiwa na kahawa, senene wa kukaanga na asali ya kumhemba mzazi, apongezwe na kupata nguvu. Tafuta mahali pa kunilaza, na ukizungumza nami uje upande wa kulia, sikio la kushoto halina kazi.

Bibi wa Karagwe

*

Karagwe, 21 Julai 2024

Dada yangu Mukashyaka,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Ngoga na Dative, na mjukuu wetu Nziza anayenyonya bila huruma. Mimi nilifika salama juma lililopita. Migomba nimeikuta imeanguka miwili, kuku mmoja amepotea, na kila ninayekutana naye namwambia habari zenu mpaka anaaga.

Nakumbuka mengi, lakini zaidi ile Jumatano ya kliniki. Mkunga mkuu, aliyesikia habari ya Dative, alikuomba ukae kwenye benchi la kina mama wajawazito uwatazame miguu, ukasema hukai bila mimi. Wale wanawake walitoka Rugerero, Kanama, mpaka Cyanzarwe, wamepanga miguu yao kama viatu mlangoni mwa msikiti. Wewe ukashika unyayo, mimi nikabonyeza muundi na kuhesabu. Aliyebaki na shimo tulimpeleka mbele ya foleni akapimwe. Wawili walibaki na shimo, unakumbuka, na mmoja wao, yule wa Cyanzarwe, presha yake ilikuwa imepanda kweli na alikuwa anatabasamu. Tena ukawafundisha kulalamika. "Sema: mi siko muzuri!" Na benchi zima likaitikia kwa sauti moja, "Mi siko muzuri!" mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini. Miaka thelathini na moja sijawahi kucheka kliniki namna ile. Dative ameniandikia kwamba umeitwa tena kila Jumatano. Laiti wajomba wa siku ya mahari wangekuwepo wote wakaona, na mimi ningesimama katikati yao nikanushe neno langu kwa sauti hiyohiyo.

Sasa lile nililotaka kukuandikia hasa. Siku ya mwisho kwako, mchana, baada ya kula, uliniwekea kiti, ukavuta kigoda. Nikakataa. Nikasema mimi mkubwa kwako kwa mwaka mmoja na nusu, na haifai mtu mzima kumshikia mtu mzima miguu. Ukakaa kigodani. "Mguu iko chini, bamwana," ukasema. "Lete."

Nikakupa. Zile nyayo zilizopasuka, zilizosimama kwenye saruji ya wodi maisha yangu yote, ambazo hata marehemu mume wangu hakuzigusa. Nilimwambia Mungu moyoni kwamba nakaa dakika mbili kwa ajili ya adabu. Nilipoamka jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili, na ulikuwa umenifunika kitenge chako.

Kesho yake asubuhi, kwenye basi, uliniuliza dirishani, "Na sasa? Iko aje?" Nikakupungia mkono, sikujibu. Nisamehe. Sikutaka kukujibu pale, kwa sababu mtu akiulizwa uso kwa uso, baada ya kuhudumiwa vizuri, hujibu kama Dative. Nilitaka nifike kwangu kwanza, peke yangu, nilale kitandani pangu penye kumbukumbu zangu, nione.

Nimehesabu usiku saba. Wale kina mama wawili niliowazika walikuja usiku wa tatu, kama kawaida yao. Nikawaambia kwamba Dative amepona na kwamba wa Cyanzarwe naye amewahi hospitali. Nikageukia upande wa pili.

Nimelala, dada. Usiku wote saba nimelala mpaka jogoo. Na hili silisemi kwa adabu.

Dada yako,
Kayitesi